Hodi Tatu kwenye Klabu ya Besiboli

Nilipewa kazi ya kuhutubia juu ya historia ya besiboli kwa sababu mimi ndiye mzazi pekee aliyewahi kuonekana uwanjani na kitabu mkononi. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mapishi, nilikuwa namrudishia jirani. Lakini kwa watu wetu, sisi wahamiaji wa mtaa huu wa La Rochelle, mtu mwenye kitabu ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu hana ruhusa ya kusema hajui. Nimeshaulizwa hapa mtaani juu ya dawa ya figo, juu ya sheria za talaka na juu ya sababu za unga kupanda bei. Maswali yote niliyajibu. Besiboli nayo ilikuwa imefikiwa na zamu yake.

Uwanja wetu uko nyuma ya barabara ya maduka, ukishapita roboti, yaani taa za barabarani, na spaza, kile kiduka cha Mhabeshi. Zamani ulikuwa wa klabu ya wazungu wa vitongoji vya kusini mwa mji. Wazungu wakahama, klabu ikahama nao, wakaacha majani marefu na wavu wa chuma uliopinda kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Kwa miaka mingi tuliishi karibu na wavu ule bila kujua kazi yake, na kila mtu alikuwa na maelezo. Wakongo walisema lilikuwa banda la mbwa wa polisi. Mwenye spaza alisema kuku. Mimi, kwa uhakika wa mtu mwenye shahada mbili, nilisema ni mabaki ya jukwaa la muziki, nikaeleza hata bendi zilivyokuwa zinakaa.

Aliyejua ukweli alikuwa mwanamke mmoja wa Tanga, fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea mjini kati, ghorofa moja chini ya kanisa linaloanza kuimba asubuhi na kumaliza jioni. Alisoma sekondari ambako mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliwafundisha besiboli, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, hicho ndicho kitu pekee alichoweza kufundisha bila kamusi. Huyu dada alipohamia mtaa wetu akaona ule wavu, akautambua kuwa ni wa kuzuia mipira ya besiboli nyuma ya mpigaji, akacheka peke yake barabarani. Wiki iliyofuata alikuja na gongo, glavu mbili na mpira, akaanza kuita watoto.

Alipata watoto kwa sababu rahisi. Viwanja vya mpira wa miguu vyote vina wenyewe. Wazimbabwe wana saa yao, Wanigeria wana saa yao, Wamalawi wana saa yao, na ukikosea saa unapata ugomvi. Kona ya wavu haikuwa na mtu. Basi Jumapili, Wakongo wakishatoka kanisani na sisi tukishaswali adhuhuri, vijana wa kike na wa kiume wakawa wanakusanyika pale, na yeye amevaa kofia ya besiboli juu ya mtandio, anapiga kelele kwa Kiswahili cha Tanga kisichojali kama mtu ametoka Bukavu au Bujumbura.

Alikuwa na taratibu zake. Mazoezi hayaanzi mpaka kila mmoja amempa kila mmoja mkono. Na hakuna anayekanyaga uwanja bila hodi. Uwanja hauna lango, una pengo tu kwenye uzio, pale mtu alipong'oa waya akauze. Hata hivyo ukifika kwenye pengo unasimama, unasema hodi, unangoja karibu. Ilianza kama mzaha. Baada ya mwaka ikawa sheria, na binti yangu, aliyezaliwa hapa, anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza tangu alipojua kuongea, akawa anasema hodi kila Jumapili kwa sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia.

Timu ikawa nzuri. Sijui nzuri kiasi gani, maana besiboli siielewi vizuri hadi leo. Nilichokielewa ni kwamba mtu mmoja anarusha, mwingine anajaribu kupiga, akipiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi nyumbani, na katikati ya hayo wote wanasimama muda mrefu wakitazamana. Kwa mtu aliyepitia vikao vya idara ya chuo kikuu haikuwa ngeni.

Sifa zikafika kwenye klabu moja kubwa ya kitongoji cha kusini zaidi, yenye nyasi za kukatwa kwa mashine, taa, jengo la matofali na watu wa kila rangi kwenye picha za tovuti, ingawa uwanjani rangi zilikuwa chache kuliko kwenye picha. Mwenyekiti wake alikuja kututazama. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli, jambo ambalo kwangu si rahisi. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatazama mechi nzima, akapiga makofi mahali pa kupiga makofi. Mwishoni akasema angependa timu mbili ziungane. Watoto wapate vifaa, mechi za ligi, mtu wa huduma ya kwanza.

"Na mimi?" akauliza yule dada. Kiingereza chake ni cha kuuzia nguo, kifupi na cha kutosha.

"Na wewe pia, bila shaka," akasema mwenyekiti. "Sote tutakuwa familia moja."

Alipoondoka tukabaki tumesimama kwenye wavu. Baba wa mdakaji wetu, Mkongo wa Lubumbashi anayelinda duka la simu mjini, alifurahi kuliko wote.

"Maman, ni Mungu huyu," akasema. "Batoto batachezea kwenye nyasi. Mwangalie wangu, magoti yote ni vidonda."

"Nimesikia, papa."

"Sasa sura hiyo ni ya nini?"

"Amesema familia. Mimi nimemuuliza kazi." Akaokota glavu zake. "Kwenye familia kila mtu yumo. Nataka kujua nani atawaambia watoto wakimbie na nani atawaambia wasimame."

Huo ndio ulikuwa wasiwasi wake wote, na haukubadilika hata siku moja. Hakutaka cheo. Alitaka kubaki kocha wa watoto aliowafundisha kushika gongo.

Mwenyekiti akapanga siku ya kuungana. Kungekuwa na mkutano wa kamati, halafu hotuba fupi ya mzazi kutoka upande wetu, halafu nyama. Mada waliipendekeza wao: jinsi mchezaji wa kwanza mweusi alivyoingia ligi kuu ya Amerika. Waliona inafaa. Mimi pia niliona inafaa, kwa kuwa sikuijua.

Nikaenda kusoma. Hadithi ninayodhani wengi wanaijua, kama wanaijua, ni fupi na inapendeza: kulikuwa na ukuta, akaja mtu mmoja jasiri, akapita, ukuta ukaanguka. Nilishaandika nusu ya hotuba kwa mtindo huo, na nilikuwa na sentensi kuhusu mlango ambayo niliipenda sana. Halafu nikaendelea kusoma, kosa ambalo wahutubiaji wenye busara huliepuka.

Jioni moja nikaenda kwenye chumba chake cha kushonea kumsomea. Alikuwa anashona namba migongoni mwa fulana. Kanisa la juu lilikuwa limefika kwenye ngoma.

"Kumbe yule wa kwanza hakuwa wa kwanza," nikamwambia.

"Kivipi?"

Nikamweleza. Kabla ya huyo wa kwanza, katika karne ya kumi na tisa, weusi wachache walikuwa wamekwisha kucheza katika timu za kulipwa pamoja na wazungu. Halafu wenye timu wakaelewana wasisajili weusi tena. Hawakuandika popote. Ukitafuta kanuni inayokataza huipati, na kila aliyeulizwa angeweza kuapa kwamba kanuni hiyo haipo, na asingekuwa anasema uongo. Hali hiyo ikakaa zaidi ya nusu karne.

"Bila kuandika?"

"Bila kuandika."

"Werevu," akasema, pini zikiwa mdomoni.

Nikaendelea. Weusi wakaunda timu zao na ligi zao, zenye makocha wao, marefa wao, wenye timu wao, wauza karanga wao. Watu walikwenda viwanjani Jumapili wakiwa na nguo za kanisani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwenye timu mmoja mzungu akamchukua mchezaji kutoka ligi hizo. Akampa sharti: utatukanwa, utarushiwa mpira kichwani, na wewe usijibu. Mchezaji akakubali, akatukanwa, hakujibu, akacheza vizuri kupita kiasi. Timu nyingine zikafuata, moja moja, nyingine baada ya miaka mingi.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Subiri. Wale waliokuwa wanajaza viwanja vya ligi za weusi wakaanza kupanda treni kwenda kumtazama huyo mmoja. Viwanja vyao vikawa vitupu. Timu zikafa. Ligi kuu ilitaka wachezaji, na tena vijana. Kocha mweusi wa kuongoza timu katika ligi kuu hakupatikana mpaka karibu miaka thelathini baadaye."

Cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo waliungana wachezaji tu."

"Wachezaji tu."

"Na makocha wakaenda wapi?"

Nikamwambia kwamba sijui. Vitabu nilivyopata vilikuwa na mengi juu ya waliokwenda na machache juu ya waliobaki. Nilipata habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa na timu pamoja na mumewe, aliyepinga wachezaji wake kuchukuliwa kimyakimya kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

"Huyo namtaka," akasema. "Siku hiyo umtaje."

Akarudi kwenye namba zake. Mimi nikarudi nyumbani, nikafuta sentensi yangu ya mlango, kwa uchungu.

Siku yenyewe tulikwenda na teksi mbili za kukodi, zile basi ndogo za hapa, vijana wote na wazazi wachache. Yule dada alikuwa amevaa baibui mpya na kofia yake ileile. Tukafika mapema kuliko tulivyoambiwa, jambo ambalo kwa watu wetu ni ishara ya hofu. Lango la klabu lilikuwa wazi kabisa. Ndani, hatua chache tu kutoka pale, jengo la matofali, na kupitia madirisha tuliona vichwa vya watu wameketi.

Yule dada akasimama langoni. Nyuma yake tukasimama sote.

"Hodi!" akaita.

Hakuna aliyejibu. Kichwa kimoja dirishani kiligeuka, kikatutazama, kikageuka tena.

"Wametuona," akasema baba wa mdakaji.

"Basi watakuja." Akangoja. "Hodi!"

Binti yangu akaniambia kwa Kiingereza kwamba lango liko wazi. Nikamwambia naliona. Akasema kwa hiyo tuingie. Nikamwambia huwezi kumtangulia kocha wako, na kocha wako hawezi kuingia nyumba ya watu ambayo haijamkaribisha, tena siku ya kwanza, tena anakuja kuomba kitu. Akaniambia, "Eish, baba," maneno ambayo katika nyumba yangu hufunga mjadala.

"Hodi!" mara ya tatu.

Kwa tulivyolelewa, ukibisha mara tatu bila kuitikiwa unaondoka, na unaondoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana sababu zake. Yule dada akageuka, tayari kurudi kwenye teksi. Nikamsihi angoje, pengine wako kwenye maombi. Sijui kwa nini nilidhani klabu ya besiboli inafunga mlango kwa ajili ya maombi, lakini nililisema kwa sauti ya kisomi, na akakubali. Tukapanga mstari kivulini kando ya lango, vijana na fulana zao mpya, mimi na hotuba yangu mfukoni. Nimeishi mji huu miaka mingi. Nimeingia ofisi zake, baa zake na nyumba za wenzangu ambako watu hukuambia jikoni kuna bia, jihudumie. Najua kabisa kwamba hapa lango lililo wazi ndilo mwaliko wenyewe. Hata hivyo sikusogea.

Tulisimama pale karibu saa nzima.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa jikoni, aliyekuja na gari la barafu. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kizulu tumekosa nini. Vijana wakamweleza. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ngenani, bo!" akasema. Ingieni, jamani.

Yule dada akanitazama. "Amesema karibu?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa tuingie."

Ndani walitupokea kwa furaha na kwa nafuu, kama watu waliodhani jambo baya kidogo lilikuwa linatokea nje na sasa limepita. Mwenyekiti akampa yule dada kiti cha mbele. Akasema walianza bila sisi, maana ajenda ilikuwa ndefu, na jambo la kwanza lilikuwa makocha. Limeshapitishwa. Timu ya vijana ya pamoja itaongozwa na kijana wao mmoja mwenye cheti, mtu mpole sana, yule pale. Kijana akainua mkono, akatabasamu. Yule dada atakuwa mlezi wa timu: atahakikisha watoto wanafika kwa wakati, wamekula, wana maji.

Nikatafsiri. Sikuhitaji kutafsiri, alikuwa ameelewa, lakini nilihitaji mdomo wangu ufanye kitu.

"Lakini sisi hatukuwepo," nikamwambia mwenyekiti.

"Tuliwaona nje," akasema. "Tulidhani mna jambo. Mmoja wetu akasema labda mnagoma. Hatukutaka kuwaingilia."

"Tulikuwa tunangoja kukaribishwa."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lango lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi," nikakiri.

"Hakuna mtu aliyewazuia."

"Hakuna."

Alikuwa sahihi katika kila neno. Nilitamani awe mbaya kidogo, ingenirahisishia kazi. Badala yake aliniomba, kwa heshima zote, nisimame nitoe hotuba.

Nikaitoa. Niliieleza ile kanuni isiyoandikwa, ligi za weusi, mchezaji aliyeambiwa asijibu, treni zilizojaa, viwanja vilivyobaki vitupu, makocha ambao hakuna aliyewaita. Sikumtazama mwenyekiti nilipofika kwenye makocha. Kama mwandishi yeyote wa makala nilikuwa na imani ya siri kwamba maneno yakipangwa vizuri watu watasimama wabadilishe uamuzi. Nilimalizia kwa yule mwanamke mwenye timu. Kisha nikaketi, nikangoja historia ifanye kazi yake.

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hadithi hii ni tamu sana, na kwamba tunashukuru leo tuko mbali na nyakati zile. Mtu akauliza kama makaa yameshakolea.

Yule dada akainua mkono. Akaniambia kwa Kiswahili, "Huyo mama mwenye timu. Baadaye akawaje?"

"Timu hakubaki nayo. Akaendelea kuandika magazetini miaka mingi, akitaka wachezaji wake wakumbukwe. Yeye mwenyewe walimpa heshima alipokwisha kufa."

Akafikiri. "Mimi sina nafasi ya kuheshimiwa nikiwa maiti. Nina oda ya sare za shule." Akasimama. "Nitafsirie. Na usiweke chumvi. Sema ninavyosema."

Nikasimama kando yake.

"Waambie nyasi zao nimezipenda. Watoto wanaotaka kuja, waje, wana baraka zangu, na huyu kijana anaonekana ana adabu. Mlezi sitakuwa. Ninao wa kulea nyumbani, wananitosha. Timu yangu inabaki kule kwenye wavu. Wasinipe kazi. Wanipe mechi."

Nikatafsiri bila chumvi, na ilinigharimu. Mwenyekiti akakunja uso, si kwa hasira, kwa hesabu.

"Mechi na timu ipi?" akauliza. "Wachezaji si ndio hawa?"

Baba wa mdakaji alikuwa ameshaliona hilo. "Maman," akamnong'oneza, na mnong'ono wake ulifika mpaka jikoni, "batoto bote banakuja huku. Utabaki na nani?"

"Nitabaki na wewe, papa."

"Na mimi?"

"Si uko mzima? Unasimama mlangoni kutwa nzima. Kusimama ndiyo nusu ya mchezo."

Wakongo wote wakacheka, na mwenyekiti, aliyekuwa hajaelewa neno, akacheka nao. Akasema mechi ya kirafiki inawezekana, baada ya miezi michache, kule kwetu. Tukaenda kula nyama. Yule dada hakula. Alikuwa anazunguka kati ya wazazi akiwatazama mabega, kama anavyomtazama mteja kabla ya kuchukua tepu.

Karibu vijana wote walihamia klabu, binti yangu akiwa wa kwanza. Aliniambia ni kwa sababu ya ligi, na alikuwa na sababu nzuri. Alilia kwa muda mfupi ndani ya teksi, akakataa kwamba amelia. Wanne walibaki: mmoja kwa kuwa kwao hawakuwa na namna ya kumpeleka, wawili kwa kuwa ni ndugu na hawaachani, na mmoja kwa ukaidi mtupu. Wanne hawawezi kucheza besiboli. Wanatakiwa tisa.

Yule dada akampata baba wa mdakaji. Akampata msusi wa Bukavu mwenye saluni karibu na Joubert Park, ambaye mikono yake inadaka chochote. Akapata Mzanzibari muuza viatu, na Mrundi mmoja aliyedai amecheza zamani, ikaonekana alikuwa anafikiria kriketi. Wakawa wanane. Akaja kwangu nyumbani, akagonga, akasema hodi, mke wangu akamkaribisha kabla sijapata mahali pa kujificha.

"Mwalimu," akasema, "wewe utakaa kulia, mbali kabisa. Huko mipira haiendi sana."

Nikamwambia nina goti. Akasema kila mtu ana goti. Nikamwambia mimi nafaa zaidi kwa kazi ya mawazo. Mke wangu akasema, "Mchukue."

Tulifanya mazoezi miezi mitatu. Niligundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikitazama besiboli bila kuona kitu, kama nilivyokuwa nikiutazama ule wavu. Ukisimama peke yako kule mbali, ule muda ambao nilidhani watu hawafanyi kitu unajaa maamuzi. Yule dada alisimama kando ya kituo cha tatu akituamrisha kwa mikono: kiganja juu, rudi nyuma, kiganja chini, njoo, ngumi, kaa ulipo. Msusi wa Bukavu alijifunza kwa siku moja. Mimi bado nilikuwa nachanganya.

Klabu walikuja Jumapili moja na basi lao dogo. Tulipigwa, na hilo halikumshangaza mtu. Mechi haikuwa imefika hata nusu, tukawa tumefungwa vibaya mno, hata mwenye spaza akaacha kuhesabu. Lakini kulitokea jambo la ajabu. Yule dada alikuwa anatupigia kelele sisi, na kila alipopiga kelele wale vijana wake wa zamani, waliovaa fulana za klabu, walitii. Alisema "Legeza mabega!" kumwambia Mrundi aliyeshika gongo, na mrushaji wao, aliyekuwa wake, akalegeza mabega. Kocha kijana akaja mpaka kwetu, akaniuliza kwa upole maneno yale maana yake nini, ili ayatumie. Nikamwandikia matatu kwenye kiganja chake. Akaenda anayakariri.

Halafu binti yangu akaja kupiga.

Yule dada akanitazama kutoka mbali, akainua mkono. Nikauona vizuri kabisa. Kiganja. Nikajiambia, huyu ni mwanangu, namjua, hana nguvu hizo, nikasogea mbele.

Mlio wa gongo niliusikia kabla ya kuuona mpira. Ulipita juu yangu, juu sana, bila haraka, nikageuka na kuanza kuukimbilia kwa namna ambayo msusi wa Bukavu anaiigiza hadi leo saluni kwake. Nyuma yangu binti yangu alikuwa anazunguka vituo huku anajipigia kelele mwenyewe kwa Kiswahili, "Nyumbani! Nyumbani!" na watu wa timu zote mbili wakipiga makofi. Mpira niliukuta kwenye majani karibu na uzio. Nilipogeuka nao mkononi, yule dada alikuwa ameshaacha kituo cha tatu, amevuka uwanja mzima, kofia imekaa upande, anakuja moja kwa moja kwangu.

"Nilinyoosha nini?" akauliza.

"Kiganja."

"Kiganja juu au chini?"

"Juu."

"Juu ni nini?"

"Nyuma."

"Na wewe ukaenda wapi?"

Nyuma yake watu walikuwa wamesogea kusikiliza: vijana wa klabu, kocha wao mpole, mwenyekiti kwenye ndoo yake, mke wangu.

"Mbele, kocha," nikasema.

Akauchukua mpira mkononi mwangu, akaufuta majani, akamrushia mrushaji wetu kutoka kule kule mbali, mrusho mmoja ulionyooka. Kisha akanishika mabega yote mawili, akanirudisha nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa uzio, akaniambia nikae hapo.

Nikakaa hapo.